Toyota Raum na Toyota IST: ipi itangulie kwenye orodha yako?

Anayetafuta gari dogo lililotumika nchini Tanzania mara nyingi hubakiwa na majina mawili: Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, na Toyota Raum ya toleo la pili, iliyoingia sokoni 2003. Ubishi wa vijiweni huwa ni juu ya nguvu, ilhali Raum na IST ya cc 1490 zinatumia injini ile ile ya 1NZ-FE, yenye nguvu za farasi 109, pamoja na gia nne za otomatiki. Tofauti yao halisi imo katika uzito na umbo la bodi.

Kwa mwenye familia, nafasi ya kwanza naipa Raum. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2500, wakati IST ina 2370, na abiria wa nyuma huihisi tofauti hiyo magotini. Milango yake ya nyuma huteleza, na upande wa kushoto hakuna nguzo ya katikati, kwa hiyo milango yote miwili ikifunguliwa hubaki uwazi mmoja mpana. Kwa kuwa Japani, kama sisi, hupita kushoto mwa barabara, uwazi huo huelekea ukingoni, abiria anaposhukia, wala hauelekei magari yanayopita. Aliyewahi kumpeleka kliniki bibi anayeumwa nyonga ataelewa kwa nini nalithamini jambo hili kuliko mwendo kasi.

Hata hivyo, Raum huizidi IST uzito kwa takriban kilo 100, na ikibeba watu watano na mizigo yao kwenye mlima kama Kitonga, dereva atalazimika kushusha gia mapema. Kabla ya kulipa, fungua na kufunga milango ya kushoto mara kadhaa. Uimara ambao ungetoka kwenye nguzo umewekwa ndani ya milango yenyewe, hivyo mlango unaokwama au usiokaa sawa na mwenzake unaweza kuwa dalili kwamba upande huo uliwahi kugongwa.

IST ya cc 1490 inashika nafasi ya pili. Ni nyepesi, huchangamka haraka zaidi, na kwa urefu wa milimita 3855 dhidi ya 4045 za Raum, kuiegesha Kariakoo si kazi kubwa. Pia huuzika upesi. Kwa asiye na watoto wala wazee wa kubeba, ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Ya tatu ni IST ya cc 1290, yenye injini ya 2NZ-FE na nguvu za farasi 87. Inatosha kwa mizunguko ya mjini, lakini safarini, ikiwa imejaa, inahitaji subira kila unapotaka kulipita lori. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupunjwa, kwa maana bodi hazitofautiani na muuzaji anaweza kutaja cc 1490 kwa gari ambalo sivyo lilivyo. Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, kisha uilinganishe na kadi: NCP60 ni cc 1290, NCP61 ni cc 1490, na NCP65 ni cc 1490 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Raum ya kawaida huanza na NCZ20.

Injini zote mbili hutumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo anayejisifu kuwa amebadilisha mkanda wa taimingi halijui vizuri gari lake. Nenda kulikagua asubuhi, kabla injini haijawashwa. Chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango, kwa sababu injini iliyotembea sana huweza kuanza kula oili, kisha iwashwe ukisikiliza kama cheni inagonga. Kuhusu gia boksi, uliza ni oili gani iliyowekwa, na kama jibu si T-IV, oili ya Toyota ya gia boksi za otomatiki, mpeleke fundi wako akaijaribishe barabarani kabla hujataja bei.