African Storybook darasani kwangu Arua: uzoefu wangu

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Mtoto wa hapa anakisikia Kiswahili sokoni, kituo cha magari na kwa wageni wanaovuka kutoka Congo, lakini kukisoma ni jambo jingine. Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2022, na kuagiza kifundishwe kama somo la lazima, nilifurahi sana. Tatizo ni kwamba hadithi za Kiswahili za mtoto anayeanza kusoma bado ni adimu madukani. Nyingi ya hadithi ninazotumia sasa nimezitoa African Storybook.

Ni maktaba ya bure mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2014 na Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini. Uganda ilikuwamo tangu majaribio ya mwanzo, ndiyo maana utakuta humo Lugbarati, Luganda na lugha nyingine za kwetu, mara nyingi hadithi ileile katika lugha kadhaa. Vitabu vimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa kwa sauti. Programu yao ya simu ya kusomea inakuwezesha kupakua vitabu na kuvisoma baadaye bila mtandao. Hilo kwetu ni kubwa, maana bando tunalikatwa kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Mimi hupakua nikiwa mjini.

Kinachonifanya niisifu zaidi, hata hivyo, ni ruhusa. Vitabu vimetolewa kwa leseni ya Creative Commons: unachapa, unanakili, unatafsiri, unabadilisha, bila kumwandikia mtu barua ya kuomba, mradi uwataje waliotunga na kuchora. (Baadhi haviruhusiwi kuuzwa, angalia ukurasa wa mwisho.) Unachagua kitabu, unabonyeza sehemu ya kutafsiri, na kila ukurasa unakuja na picha yake pamoja na maneno ya awali, wewe unaandika yako. Mimi na mwalimu mwenzangu wa Lugbarati tumekuwa tukifanya hivyo jioni, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiandika, tukibishana mpaka sentensi ikae.

Kisha tukajaribu kutunga. Kuna hazina ya picha ambazo msanii ameshazichora, nawe unazitungia hadithi mpya. Darasa langu lilichagua picha za mbuzi. Watoto wakasema, nikaandika ubaoni, wakakataa mwisho wangu na kutaka mbuzi arudi nyumbani. Nilipowaletea nakala zilizochapwa, walikwenda moja kwa moja ukurasa wa nyuma, penye jina la mchoraji. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu anajua kuwa tumetumia mbuzi wake?" Nikamwambia amekubali tangu mwanzo, ndiyo maana ya ile leseni. Somo la haki za mtunzi sikuwa nimelipanga siku hiyo, lakini tulilisoma mpaka kengele ikalia.

Yapo ya kuangalia. Kwa kuwa yeyote anaweza kuchapisha, vitabu vingine vimepitia kwa wahariri na vingine vimewekwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo soma chote kabla hujakipeleka darasani. Kuandika kwa simu kunachosha. Ukipata kompyuta, itumie. Kuchapa kwa rangi ni ghali: mimi natoa kwa rangi nyeusi, naachia watoto wapake penseli. Na kwa mwalimu wa sekondari, ambako Kiswahili ni lazima kidato cha kwanza na cha pili, hapa hapatoshi. Hadithi ni fupi na ni za watoto wadogo.

Kwa madarasa ya chini, P1 hadi P4, sijaona kinachoizidi. Ukianza, anza na ngazi ya pili, chukua kitabu ambacho kipo pia kwa lugha ya nyumbani ya wanafunzi wako, uwagawie vyote viwili kwa pamoja.