Taa za baiskeli kwa safari za usiku: ipi inastahili bei yake?

Kwa mtu anayerudi nyumbani kwa baiskeli baada ya jua kuzama, taa ya mbele ya bei ya kati, yenye mwanga uliopangwa vizuri, inastahili kila shilingi inayolipiwa. Taa ya bei ya juu kabisa huwafaa wachache, na ile ya bei ya chini inayojinadi kwa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, haimfai yeyote. Suala hili linatuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa jua letu huzama karibu na saa 12:30 jioni mwaka mzima, na giza huingia ndani ya dakika 20 hivi. Hatuna miezi ya kiangazi kama ya Ulaya, ambako mtu hutoka kazini jua likiwa bado juu.

Kabla ya kutazama bei, mnunuzi ajiulize kama anataka taa ya kumwezesha kuonekana au ya kumwezesha kuona. Katika barabara kuu yenye taa za umeme, kazi ya taa ya baiskeli ni kuonekana tu, na hiyo haihitaji nguvu nyingi. Ukiacha lami na kuingia mitaa ya pembezoni isiyo na taa, yenye mashimo, mchanga na matuta yasiyopakwa rangi, taa inapaswa kukuonyesha njia. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa husafiri zaidi ya mita 5 kila sekunde. Ukijumlisha muda wa kutambua hatari, muda wa kushika breki na umbali wa baiskeli kusimama, atahitaji mita 12 hadi 15, na zaidi ya hapo kwenye mchanga. Taa inayoonyesha shimo likiwa mita 6 mbele imechelewa.

Nafasi ya kwanza naipa taa ya mbele ya kuchaji, yenye lumeni 400 hadi 800, ambayo mwanga wake umekatwa upande wa juu kama ule wa taa za gari zilizoshushwa. Hapa ndipo fedha ya ziada inapofanya kazi. Taa nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wa duara kama tochi, hivyo sehemu kubwa yake huishia angani na katika macho ya watu wanaokuja mbele yako. Taa iliyoundwa vizuri huuelekeza mwanga wote barabarani na kuutandaza sawasawa kutoka karibu na gurudumu hadi mbali. Ujerumani imeliweka jambo hili katika sheria: taa ya mbele ya baiskeli lazima itoe angalau laksi 10 katika umbali wa mita 10, na isiwapofue wengine. Ndiyo maana taa za huko, kama zile za kampuni ya Busch & Müller, hupimwa kwa laksi, kipimo cha mwanga unaofika barabarani, wakati lumeni hupima tu mwanga wote unaotoka, popote uendako. Taa ya wastani yenye umbo hilo la mwanga hukuonyesha njia vizuri kuliko tochi yenye lumeni mara mbili yake.

Kitu cha pili unacholipia katika daraja hili ni ukweli wa betri. Kampuni makini hueleza taa itawaka kwa muda gani katika kila kiwango cha mwanga, na hudhibiti umeme ili mwanga usififie polepole bila wewe kutambua. Ulizia pia kama betri inaweza kubadilishwa. Betri za lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na taa ambayo betri yake haitoki itakufa pamoja nayo hata kama sehemu nyingine zote ni nzima. Kwa anayeishi Pwani, kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia ni muhimu sana, kwa sababu chumvi na unyevu huingilia hapo. Alama ya IPX4 inamaanisha taa inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na hiyo inatosha kwa mvua za kawaida.

Nafasi ya pili ni ya dainamo, kifaa kinachozalisha umeme gurudumu linapozunguka, na sisemi ile ya zamani inayosugua ubavu wa tairi, bali ile iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele. Hutoa wati 3 kwa volti 6, na kwa taa za LED za leo hizo zinatosha kabisa kumulika barabara. Haihitaji kuchajiwa, haisahauliki nyumbani, na si rahisi kuibiwa kwa kuchomolewa. Ikinunuliwa mpya ni ghali, hasa zile za chapa ya SON kutoka Ujerumani, lakini baadhi ya baiskeli za mitumba zinazoletwa kutoka Japani na Ulaya huja nayo tayari. Ukikutana na baiskeli ya namna hiyo, usikubali fundi aling'oe gurudumu hilo. Badilisha taa ya zamani tu, uweke ya LED. Kwa mtu anayesafiri kila usiku mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tatu ni jozi ndogo ya bei rahisi, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, isiyo na majigambo kwenye boksi. Kwa barabara zenye taa inatosha, na hakuna sababu ya kumwonea haya anayeichagua. Taa ya nyuma hasa haihitaji gharama kubwa, kwa sababu lumeni 50 nyekundu huonekana kutoka mbali. Angalia tu kama mpira wa kuifungia ni imara, na kama inaweza kuwaka bila kumetameta, maana dereva hukadiria umbali vizuri zaidi akiona taa inayowaka mfululizo. Ongeza reflekta za kufunga kwenye vifundo vya miguu: zinapopanda na kushuka na pedali, dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu.

Nafasi ya nne ni taa za lumeni 2,000 na kuendelea. Ni nzuri kwa wanaopita njia za milimani na misituni usiku. Kwa barabarani faida yake hupungua haraka, kwani ili uone mara mbili ya umbali unahitaji mwanga mara nne, na bei hupanda vivyo hivyo. Isitoshe, nyingi hujipunguza zenyewe zinapopata joto, na usiku wa Dar es Salaam una joto la kutosha.

Mwisho kabisa ni taa zinazodai lumeni 10,000 kwa bei ya chakula cha siku mbili. LED hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati, hivyo dai hilo lingehitaji wati 100. Betri mbili za aina ya 18650, zile za lithiamu za umbo la silinda zinazotumika katika taa nyingi, hata zikiwa bora, zingeisha kwa dakika 15 hivi. Betri moja ya aina hiyo haihifadhi zaidi ya mAh 3,500 hivi (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), kwa hiyo iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na muuzaji anayekudanganya kuhusu betri hastahili kuaminiwa kuhusu usalama wa chaja yake.

Dukani, omba taa iwashwe ikielekezwa ukutani utazame kama mwanga una ukingo upande wa juu au ni duara tupu. Nyumbani, ichaji mpaka ijae, iache iwake mbele ya feni ili isipate joto, na uandike muda itakapozimika. Kisha ifunge kwenye usukani ukiinamisha kidogo, ili sehemu yenye mwanga mkali iguse ardhi mita 10 hadi 15 mbele yako.