Miezi minne na programu ya muhtasari wa habari: anayeonekana na anayesikika

Kwa miezi minne nimekuwa nikisoma habari za asubuhi kupitia programu ya simu inayokusanya taarifa za magazeti, redio na televisheni, ikazifupisha na kuzileta kwa Kiswahili, kila taarifa aya moja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia, kwa viwango tofauti, katika huduma nyingine mbili za aina hiyo, na si haki kumtwisha mmoja mzigo wa wote. Wapo watakaotaka kujua kama inafunguka upesi na kama inakula bando, na hayo nitayajibu, lakini kipimo changu kikuu ni kingine: msomaji asiye na chanzo kingine cha habari ila hiki, anabaki na picha gani ya wanawake na wanaume, na ya mambo yanayostahili kujadiliwa?

Nianze na yanayopendeza, maana yapo. Inafunguka mara moja hata mtandao ukiwa dhaifu, maandishi yanaweza kukuzwa bila kuvuruga ukurasa, na chini ya kila muhtasari kuna kiungo cha taarifa kamili, jambo ambalo huduma nyingi za aina hii hulikwepa. Kiswahili chake ni safi, na matangazo hayaruki katikati ya sentensi. Kwa upande wa ufundi sina la kulalamikia.

Ukurasa wa mwanzo una nafasi tano tu, na hapo ndipo nguvu ya huduma ilipo. Watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapiga kura 100 waliokuwa hawajaamua, huko Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa mwaka 1968. Walipochapisha matokeo yao mwaka 1972, ilionekana kwamba mambo ambayo wapiga kura waliyaona mazito yalilingana kwa karibu sana na yale ambayo vyombo vya habari viliyapa nafasi kubwa. Chombo cha habari huenda kisikushike mkono kukuonyesha upande wa kusimama, lakini ndicho kinachochagua uwanja wa mabishano. Magazeti ya zamani yalikuwa na kurasa kadhaa za kufanyia uchaguzi huo. Hapa ni nafasi tano, na katika miezi yote minne nafasi nne kati ya hizo zilienda karibu kila siku kwa siasa za vyama, usalama, biashara na michezo ya wanaume. Ya tano ilikuwa ya kupokezana, na mambo yaliyowekwa chini ya kichwa «Familia na Wanawake» yalifika hapo pale tu yalipokuwa na msiba ndani yake. Mfumuko wa bei ya vyakula uliwekwa kwenye «Uchumi», na kumpata mtu wa kumlea mgonjwa nyumbani kukawekwa kwenye «Familia», kana kwamba gharama za ulezi hazitoki mfukoni mwa mtu.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika ufupishaji wenyewe. Asubuhi moja nilisoma muhtasari kuhusu uhaba wa wahudumu katika wodi za wazazi. Aya ilikuwa na msemaji wa wizara na mkurugenzi wa hospitali, wote wanaume, wakibishana kuhusu idadi. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa sare akiinama juu ya kitanda, na maelezo ya picha yalisema tu: «Mkunga akiwa kazini.» Nilibofya kiungo. Katika taarifa kamili mkunga yule alikuwa na jina na miaka mingi ya kazi, na alikuwa na maneno ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyokuwa habari yenyewe: alieleza jinsi anavyoamua usiku, akiwa peke yake na wajawazito watatu, ni nani amwache kwa dakika kumi. Muhtasari ulichukua sura yake ukaacha sauti yake. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kumnyamazisha. Kanuni ya ufupishaji ni kubakiza mwenye cheo na kuondoa mwenye uzoefu, na kwa kuwa vyeo vingi bado vimeshikwa na wanaume, matokeo yanajulikana kabla kalamu haijaguswa.

Tangu siku hiyo nikaanza kuhesabu kwenye daftari, safu mbili, kila anayenukuliwa mstari mmoja. Safu ya wanaume iliingia ukurasa wa pili kabla safu ya wanawake haijafika nusu ya ukurasa wa kwanza. Kwa anayefuatilia mambo haya, si ajabu. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, ujulikanao kwa kifupi kama GMMP, hupima habari za siku moja katika nchi nyingi kwa wakati mmoja, takriban kila baada ya miaka mitano. Mwaka 1995, wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa, kuonekana au kusikika katika habari. Mwaka 2020, katika nchi 116, walikuwa asilimia 25. Robo karne ya maazimio, pamoja na lile la mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995 lililotenga sehemu nzima kwa wanawake na vyombo vya habari, imeongeza asilimia nane.

Utetezi wa kawaida ni kwamba habari ndivyo zilivyo na kioo hakilaumiwi kwa sura iliyomo. Utetezi huo ungekubalika kama hakuna aliyejaribu njia nyingine. Mwaka 2017 watayarishaji wa kipindi kimoja cha BBC walianza kuhesabu wachangiaji wao kila siku, kwa sharti moja la busara: rais au waziri aliye kiini cha habari hahesabiwi, kwa kuwa hawakumchagua wao, anahesabiwa mchambuzi, mtaalamu na mwandishi, ambao chumba cha habari kina hiari ya kuwachagua. Programu ninayoitathmini ina sehemu inayoitwa «Mtaalamu wa Leo», ambayo ni hiari tupu, na hapo ndipo safu yangu ya wanawake ilipokuwa nyembamba kuliko popote.

Sasa nije kwenye lugha, ambako nilitarajia nafuu. Kiswahili kina zawadi ambayo lugha nyingi hazina: «daktari alisema», «rubani alitua», na hakuna silabi inayokwambia ni mwanamume au mwanamke. Mhariri hahitaji kuhangaika na viwakilishi, lugha imeshamtatulia. Wahariri wa huduma hii, kwa bidii ya kusikitisha, wameirudisha tofauti hiyo kwa mlango wa nyuma. Rubani akiwa mwanamke huwa «rubani wa kike». Akiwa mwanamume ni rubani basi. Mchumi aliyeondoka katika uongozi wa benki alikuwa «nguli». Aliyempokea kiti akatangazwa kwa kichwa «Mama wa watoto watatu kuongoza benki». Kama yule nguli naye alikuwa na watoto, wasomaji hawakuambiwa. Kwenye michezo na burudani ndiko kamusi ilikofunguliwa yote: wanaume ni magwiji, wakali na magalacha, wanawake ni wanadada, warembo na vimwana. Mtafiti aliyepata tuzo ya kemia aliitwa «mrembo aliyetikisa maabara», na nilipofungua habari kamili, gazeti la awali halikuwa limegusia uzuri wake popote. Neno hilo liliongezwa katika ufupishaji, mahali ambapo kila neno linadaiwa kuwa la lazima.

Vitenzi ndivyo vyenye madhara zaidi kuliko sifa. «Msichana apachikwa mimba.» «Mwanamke abakwa.» Kauli ya kutendwa inamweka aliyeumizwa mbele na kumficha aliyetenda, na msomaji anayepitia vichwa vya habari tu, kama wengi wetu tufanyavyo, huanza kujiuliza msichana alikuwa wapi na saa ngapi. Halafu kuna ile arifa iliyonifikia saa moja asubuhi: «Amuua mkewe kwa wivu wa mapenzi.» Maneno manne ya mwisho tumeyazoea kiasi kwamba hayatushtui tena, ingawa yanatoa hukumu kabla ya mahakama: yanaeleza kosa kwa niaba ya mshtakiwa, na yanaliita pendo.

Wanaume nao hawatendewi haki yote. Habari ya mume aliyepigwa na mkewe hadi kulazwa niliikuta chini ya «Vituko», pamoja na mbuzi aliyepanda basi. Baba anayelea watoto peke yake huandikwa kama muujiza. Picha hizo humfunga mwanamume katika kazi moja, ya kutawala, na akishindwa nayo anachekwa.

Kura ya maoni inayofuata kila habari kuu ningeiondoa leo. Huuliza mambo kama «Je, mwanamke anaweza kuhimili uongozi wakati wa mgogoro?», swali ambalo halijawahi kuulizwa kuhusu mwanamume, kisha kesho yake matokeo huandikwa kuwa «maoni ya wananchi». Waliopiga kura hiyo ni walioamua kubofya. Katika kura yake ya maoni kuhusu uchaguzi wa rais wa mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa mgombea Landon, na mpinzani wake Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu si uwakilishi, na swali lenye dharau ndani yake haliponywi na idadi.

Huduma ya kusikiliza ni nzuri, isipokuwa kwamba sauti ya kiume husoma siasa na uchumi, na ya kike husoma afya na hali ya hewa. Kubadilisha haiwezekani.

Niliwaandikia kuhusu ile arifa ya wivu wa mapenzi, bila matumaini makubwa. Mhariri alinijibu siku iliyofuata kwa adabu, akakiri, na kichwa kikasahihishwa kuwa «Mwanamume ashtakiwa kwa kumuua mkewe». Arifa yenyewe ilikuwa imeshatumwa, na arifa, kama alivyonieleza, hairudishwi. Kwa anayetaka kujua kwa dakika tano kilichotokea na aliye tayari kubofya viungo, programu hii inafaa ada yake. Kwa anayeishia kwenye vichwa vya habari, siipendekezi. Mimi nimelipia mwezi mmoja zaidi, ili nione kama «Mtaalamu wa Leo» itabadilika baada ya barua yangu ya pili. Arifa nimezizima.