Rekodi za Simon Barere, 1934–36: uzoefu wangu, na jinsi ya kutambua nakala iliyoharibiwa

Kwa wenye haraka: nyota nne na nusu kati ya tano. Simon Barere alikuwa mpiga piano. Nusu nimeikata kwa sababu ya Toccata, kimoja cha vipande vitatu vya hapa chini, na nitaeleza. Kama wewe ni mwalimu wa piano hapa Kisumu, au unapiga kinanda kanisani na ungependa kujua vidole vya binadamu hufika wapi, chukua kwanza vipande vitatu tu kati ya vile Barere alivyoirekodia kampuni ya santuri ya HMV huko London: Toccata ya Schumann, Islamey ya Balakirev, na zoezi la mkono wa kushoto la Blumenfeld. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, vyote vitatu vitakula MB 40 hivi za bando. Chini ya kilobiti 128 usijisumbue.

Wengi wanamjua mpiga piano Horowitz. Barere hawamjui, ingawa wote wawili walipita mikononi mwa mwalimu mmoja, Felix Blumenfeld. Barere alizaliwa Odessa mwaka 1896, akasomea St Petersburg, na akafariki tarehe 2 Aprili 1951 jukwaani Carnegie Hall, New York, akiwa anapiga konseto ya Grieg. Rekodi za studio alizoacha si nyingi, na hizi za HMV ndizo zilizotoka safi kuliko zote. Lebo ya APR ilizikusanya kwenye CD, na hiyo ndiyo nakala ninayoipendekeza.

Tuanze na Toccata. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika nne na nusu hivi. Wapiga piano wengi hutumia zaidi ya dakika tano kwa kipande hiki. Barere anakimaliza ndani ya upande mmoja. Kasi hiyo ndiyo watu huisimulia, lakini mimi naona si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba mkono wa kulia unapiga nota mbili mbili karibu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi kidole cha nne na cha tano, vile dhaifu, ndivyo vinavyobeba sauti ya juu. Mpigaji wa kawaida huanza vizuri. Kufikia ukurasa wa tatu kifundo cha mkono kimekakamaa, msuli wa chini ya kiwiko unawaka moto, na kidole gumba kinagonga kwa nguvu kuliko vidole vya juu, kwa hiyo wimbo unazama katikati ya kelele. Kwa Barere sauti ya juu inabaki juu. Pakua programu yoyote inayopunguza kasi bila kubadilisha sauti, iweke asilimia 50, na usikilize kama nota mbili zinatua pamoja au moja inatangulia. Zinatua pamoja. Nimefanya hivyo kwa dakika mbili za kwanza, nota kwa nota nikiwa na karatasi mbele, na kasoro nilizozipata hazijazi kiganja.

Nusu nyota inaondoka pale katikati, kwenye oktava zinazorudiwa. Hapo muziki unahitaji kuvuta pumzi, naye havuti. Ni kama makanga anayeita abiria wakati gari limeshaondoka.

Na hapo hapo kwenye Toccata kuna kipimo rahisi cha nakala yako. Kipande kiko katika ufunguo wa C, na kinaishia kwenye C. Kwa watu wa kwaya, do ni C. Fungua programu ya kupimia gita kwenye simu, uielekeze kwenye sauti ya mwisho. Ikikuonyesha C, hata ikipungua au kuzidi kidogo, sawa. Ikikuonyesha C kali (C#), yaani nusu toni juu yake, aliyeihamisha kutoka santuri aliizungusha kwa kasi mno: nusu toni moja ni karibu asilimia 6, na kwenye kipande cha dakika nne na ushee hiyo ni sekunde 15 hivi zilizoibwa. Nimekutana na nakala za namna hiyo zaidi ya moja, na chini yake watu wamejaa mshangao wa kasi ya Barere. Mashine ndiyo iliyokimbia.

Islamey ndiyo roho ya mkusanyiko huu. Balakirev aliiandika mwaka 1869, na mtunzi Ravel alipotunga kipande chake cha piano, Scarbo, mwaka 1908 alisema wazi kuwa alitaka kitu kigumu kuipita. Inaanza na mstari mmoja tu wa nota, bila besi, na nota zile zile zikirudiwa haraka kabla mikono haijaanza kupokezana. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, ataelewa upesi kuliko mwanafunzi wa vitabu. Nyuzi ni nane, mikono ni miwili, vidole vinaingiliana, na sikio halijui ni mkono upi uliogusa uzi upi. Linasikia mstari mmoja. Barere anafika hapo hapo. Hakuna mshono kati ya mkono na mkono.

Kinachowashinda wengi ni ile nota inayorudiwa. Ili ufunguo mmoja wa piano (kile kipande unachobonyeza) ulie tena upesi, nyundo inayogonga uzi lazima iwe tayari kabla ufunguo haujarudi juu kabisa. Piano kubwa ya kulala ina mtambo wa kufanya hivyo tangu mtengenezaji Érard aliposajili uvumbuzi wake mwaka 1821. Piano ya kusimama haina, na vinanda vingi vya umeme vya makanisani kwetu havina pia. Ongeza unyevu wa ziwa, unaovimbisha vitambaa vidogo vilivyo kwenye pini za funguo hadi funguo zinakwama, utaona kwa nini mwanafunzi wa Kisumu anayejaribu ukurasa wa kwanza wa Islamey kwenye piano ya ukumbi wa shule anasikia nota mbili kati ya tatu. Asijilaumu haraka. Ajaribu kwanza kuugonga ufunguo mmoja peke yake kwa vidole 3-2-1 mfululizo. Ukikataa, tatizo ni chombo.

Sehemu ya katikati, ile ya polepole, Barere anaiimba. Nasema anaiimba kwa sababu mkono wa kushoto unashuka chini kabisa, na wimbo unasimama mbele bila kupigwa kwa nguvu. Hapa ndipo hoja ya kwamba alikuwa mkimbiaji tu inapokufa. Kisha kurasa za mwisho: ndiyo, kuna nota zilizopotea, na kwenye miruko mikubwa ya mwisho utasikia vidole vikigusa majirani. Midundo nayo inaanza kumwagika kidogo. Mpiga nyatiti ana gara (njuga) mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, zinazomrudisha kwenye mdundo akizidiwa na moto wake mwenyewe. Barere hakuwa na kitu cha kumshika. Mimi simpunguzii alama kwa hilo. Siku zile hakukuwa na kukata na kuunganisha vipande: ukikosea, unarudia upande mzima.

Zoezi la Blumenfeld, opus 36, ni la mkono wa kushoto pekee, kwenye A bapa (A♭). Msikilizishe mtu bila kumwambia, umuulize ni mikono mingapi. Siri iko kwenye pedali na kidole gumba: gumba linaimba, vidole vinne vinatengeneza kusindikiza, pedali inashika besi wakati mkono umeshahama. Kwa anayefundisha, hiki ndicho kipande cha kurudiarudia, kwa sababu mwendo wake si wa kutisha na unaweza kufuata kila kitu.

Sasa ubaya wa nakala nyingi. La kwanza ni usafishaji uliopita kiasi. Santuri ya miaka ya 1930 ina mvumo wa juu, kama mafuta yakikaangika mbali. Mtu akiufuta wote, anafuta pia ule mgongo wa nota, pale nyundo inapogonga uzi, maana viko eneo moja la sauti. Matokeo yake nota zinazorudiwa kwenye Islamey zinagandamana, na utadhani Barere ameegemea pedali. Sikiliza ile sekunde kabla ya nota ya kwanza. Ikiwa kimya kabisa, halafu nota zinafuatwa na sauti kama maji yanayobubujika, achana na nakala hiyo. Mvumo kidogo ni dalili njema.

La pili ni stirio bandia. Rekodi hizi ni za mono, yaani sauti ile ile kwa masikio yote mawili. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Piano ikibadilika ghafla ikawa nyembamba kama iko ndani ya debe, mtu ameichezea.

Spika ndogo za Bluetooth zenye besi ya kuongezwa ni adui pia: zima besi yote, na kama kuna kisawazishi cha sauti punguza chini ya hezi 80, kwani huko kwenye santuri hizi kuna zaidi mngurumo wa mashine. Hedifoni za waya za kawaida zinatosha. Na usijaribu wakati mvua ya alasiri inapiga mabati. Inafunika eneo lile lile la mgongo wa nota.

Ukishazizoea hizi tatu, nenda kwenye Gnomenreigen ya Liszt ya mkusanyiko huo huo, na baadaye kabisa Sonata ya Liszt ya Carnegie Hall ya mwaka 1947, iliyorekodiwa mbele ya watu. Hiyo sauti yake ni ya kukwaruza, kikohozi kipo. Kwa Sonata weka sauti chini kuliko ulivyozoea, maana oktava zinakuja bila hodi.