Tahadhari kwa wenye magari ya zamani: jihadharini na "dawa ya injini" inayouzwa mezani pale Grogan

Ndugu zangu wenye magari yaliyokula chumvi, someni hii hadi mwisho kabla hamjatoa pesa. Kuna kundi linalouza kile wanachokiita dawa ya injini pale Grogan, mtaa wa vipuri vya magari hapa Nairobi, na siku nyingine nje ya magereji ya Industrial Area. Mimi wamenila shilingi 6,500, na injini nzima ikaenda pamoja nazo.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Aliniachia marehemu baba. Saa kumi alfajiri linanitoa Umoja hadi Marikiti kuchukua nyanya na vitunguu, saa moja niko kibandani kwangu. Ndilo linalolipa karo. Lilianza kutoa moshi wa bluu asubuhi nikiliwasha, kama nusu dakika hivi, kisha moshi unakatika. Oili nayo ikawa inapungua, naongeza karibu nusu lita kila baada ya wiki tatu. Fundi wangu wa siku zote alikuwa amesafiri kwao Murang'a, ana msiba. Kijana mmoja pale gereji akaniambia, "Mathe, hizo ni ringi zimeisha. Kufungua injini ni elfu arobaini. Lakini kuna dawa, twende nikuonyeshe." (Ringi ni zile pete za chuma kwenye pistoni zinazozuia oili isipite.) Akanipeleka mwenyewe. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa kila mteja anayempeleka pale, kijana huyo analipwa chake.

Mwenye meza amevaa koti jeupe kama la daktari, beji shingoni. Mbele yake ana mashine ndogo: mota inazungusha gurudumu la chuma, na kuna mkono wenye vipande vya uzito unaokandamiza beringi juu ya lile gurudumu. Kwanza alimwagia oili ya kawaida, akaongeza uzito mara mbili, mashine ikalia na kukwama. Akapangusa, akamwaga dawa yake kama vijiko viwili, akapakia uzito wote aliokuwa nao. Akaniambia, "Auntie, hebu egemea huo mkono." Nikaegemea kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likaendelea kuzunguka kama hakuna kitu. "Hivyo ndivyo injini yako itakavyokuwa." Watu watatu walinunua kabla yangu papo hapo. Mmoja wao nilimkuta wiki sita baadaye akipanga chupa kwenye meza hiyohiyo.

Ile mashine ndiyo chambo, na ndiyo inayowanasa hata watu wenye akili zao timamu, kwa hiyo nieleze nilivyokuja kuelezwa na fundi wangu. Unachokiona pale mezani hakidanganyi macho, lakini hakihusiani na injini. Pale chuma kinasuguana na chuma chini ya mzigo mkali sana uliokusanyika mahali padogo, jambo linalokaribia kazi ya meno ya gia. Ndani ya injini, krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haiegemei chuma, inaelea juu ya utando wa oili inayosukumwa na pampu. Kinachoiua ni oili kutofika. Halafu zipo kemikali zenye klorini zinazofaulu sana kwenye jaribio hilo kwa sababu zinaunda tabaka juu ya chuma kinapopata moto. Kemikali hizohizo zikikaa ndani ya injini pamoja na joto na unyevu zinaweza kuzaa asidi na kula beringi. Kuna hata video za watu waliojaribu shampuu ya nywele kwenye mashine kama ile, ikafaulu. Hakuna anayeweza kutia shampuu kwenye injini yake.

Wananiuzia chupa mbili. Ya kwanza "ya kusafisha", unamimina kwenye oili kuukuu, unaliacha gari likinguruma dakika 10, kisha unamwaga. Ya pili ndiyo "ya kutibu", inachanganywa na oili mpya. Walinifanyia yote palepale kando ya barabara, harakaharaka, filta hawakubadilisha. Nilipouliza till, namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa, jamaa akasema ina shida ya mtandao, nitume kwa namba ya simu. Nikatuma. Jina lililotokea halikuwa lile lililokuwa kwenye beji yake. Hapo ningesimama, ningegeuka. Sikugeuka.

Siku ya pili moshi ulikuwa umeisha kabisa. Nawaambia ukweli huu kwa sababu ndio unaofanya mtu amsifie mwizi. Nilimwambia hata jirani yangu mwenye Probox aende akanunue, na hilo bado linaniuma kuliko pesa.

Wiki ya tano, Jogoo Road, saa kumi na robo, gari limejaa kreti tupu, taa ya oili ikawaka. Nikafikiri ni waya. Kabla sijapata pa kuegesha, injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Nikazima. Ilikuwa imeshanoki, imekufa.

Fundi wangu aliporudi alifungua kila kitu mbele yangu, na hapa naomba mtulie. Alishusha sampu, ile karai ya oili chini ya injini. Ndani kuna bomba linalovuta oili kwenda kwenye pampu, na mdomoni lina chujio la waya. Lile chujio lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi mzito kama uji wa wimbi uliolala. Ulikuwa umeganda ndani ya injini kwa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Chupa ya kwanza iliubandua wote kwa mkupuo, ukashuka, ukakaa mdomoni mwa bomba. Ile chupa ya pili nayo ikaifanya oili kuwa nzito kiasi kwamba alfajiri ya baridi inapanda kwa shida hata kama njia ingekuwa wazi. Alimimina mabaki ya chupa kwenye sahani nyeupe: yanatiririka polepole kama asali, ukiinua kidole yanavuta nyuzi kama bamia. Oili nzito hivyo haipiti kirahisi kwenye sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizochakaa, ndiyo maana moshi ulikatika. Na vitu vya aina hii vinavyoongeza uzito hukatikakatika vinaposagwa ndani ya injini, kwa hiyo hata bila ile ajali moshi ungerudi tu.

Kisha akanionyesha kitu kilichonikalisha chini. Alinimulikia tochi ndani ya silinda. "Mama, unaona hii mistari?" Mistari myembamba iliyopishana, ile inayochongwa kiwandani wakati injini inatengenezwa, ilikuwa bado inaonekana. Ringi zangu hazikuwa zimeisha. Akatoa sili za valvu, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi, akaibonyeza moja kwa kucha. Ilikuwa ngumu kama kifungo cha koti. Moshi wangu wa asubuhi ulitoka hapo: gari likilala, oili inachuruzika taratibu kwenye valvu, ukiwasha inaungua, ikiisha moshi nao unaisha. Kazi ya sili, vipuri na ufundi, angenifanyia kwa 6,000. Sasa nimenunua injini iliyotumika kutoka Japani kwa 65,000, na mtoto wangu wa kidato cha pili alikaa nyumbani wiki mbili.

Mwenye gari la zamani akiambiwa "ringi zimeisha", aombe kwanza kupimiwa kompreshoni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Ni kazi ya dakika chache na bei yake haifiki chupa moja ya wale jamaa. Kipimo cha silinda kikiwa chini, fundi anatia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena: kikipanda, ringi au silinda ndiyo mbaya, kisipopanda, tazameni valvu au gasketi. Mwulizeni pia kuhusu ile valvu ndogo ya kupumulia injini, PCV, ambayo ikiziba tu gari linaanza kula oili, na ni kipuri cha bei ndogo. Na mkiwa na injini ambayo haijawahi kusafishwa vizuri, msikubali dawa ya kusafisha kwa haraka. Badilisheni oili na filta mapema kuliko kawaida, mara kadhaa, uchafu utoke kidogokidogo.

Sisemi kila kiongezi cha oili ni utapeli. Kuna vinavyolainisha sili za mpira na kupunguza uvujaji mdogo, na fundi wangu mwenyewe huwatilia oili nzito kidogo, 20W-50, wenye injini zilizochoka wanaosubiri pesa za kufungua. Lakini anawaambia wazi kwamba wananunua muda. Hakuna chupa inayorudisha chuma kilicholika. Hata Marekani hili lilifika mbali: mwaka 1997 tume yao ya biashara, FTC, ilimaliza kwa makubaliano kesi dhidi ya kampuni zilizouza Slick 50, kwa madai ya matangazo ya kupunguza uchakavu wa injini yasiyo na ushahidi.

Nilipowarudia nilikuwa na kadi yao ya "garantii miezi 12". Namba iliyoandikwa haipatikani. Yule wa kupanga chupa alisema hanijui, na kwamba mwenye koti "ameenda Eldoret". Kesho yake niliporudi na fundi wangu meza haikuwepo. Wenye maduka wa jirani wanasema huhama kila wanapolalamikiwa, na wameonekana upande wa Ngara. Nilijaribu kurudisha pesa kupitia 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa za M-Pesa, lakini zilikuwa zimeshatolewa siku ileile.

Mtawatambua kwa chupa: nyeusi, kifuniko chekundu, maandishi ya Kijerumani upande mmoja, na tarehe ya kutengenezwa inafutika ukiisugua kwa kidole kilicholowa. Ina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ila nilipotuma namba ya kibali kwenda 20023 haikutambulika. Tumeni namba kabla ya kulipa, ni ujumbe mmoja tu.

Nimeandikisha taarifa kituo cha polisi na nimepata namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Chupa zangu zote mbili nimezifunga kwenye gazeti, pamoja na lile chujio likiwa na uchafu wake. Kama umenunua kwao, usitupe chupa wala usifute ujumbe wa M-Pesa. Niachie ujumbe hapa twende pamoja, kwa sababu pale kituoni waliniambia malalamiko ya mtu mmoja ni magumu kusukuma, na jirani yangu wa Probox tayari amekubali kuja.