Wine au VirtualBox kwenye kompyuta ya steshenari
Steshenari ya Mwanga, Kigoma, ina kompyuta ya Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux, si Windows) yenye RAM ya GB 4, na programu ya mahesabu ni ya Windows. Anza na Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux: ni nyepesi, haidai Windows wala leseni yake. Programu nyingi za zamani ni za biti 32, hivyo andika kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) `sudo dpkg --add-architecture i386`, kisha `sudo apt update`, ndipo `sudo apt install wine wine32`. Bila `wine32`, programu ya biti 32 haifunguki.

Wine hukwama programu ikitegemea draiva za Windows (programu ndogo zinazoendesha vifaa). Hapo tumia VirtualBox, inayoendesha Windows kamili ndani ya Ubuntu, ila Windows 10 ya biti 64 peke yake hutaka angalau GB 2 za RAM, na VT-x (uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mfumo ndani ya mfumo; kwa AMD huitwa AMD-V) lazima iwashwe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Ongeza RAM ifike GB 8 kwanza.