Betri ya maji iliyobandikwa stika ya AGM: uzoefu wangu na duka moja la sola

Nilitaka kuandika haya kwa upole, maana betri zenyewe ni mpya na chaji zinashika. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko, damu inanichemka.

Ninajenga nyambizi ndogo ya mtu mmoja hapa Tanga. Si ya kuwafuata silikanti, wale samaki wa kale, huko chini gizani. Nataka mita chache tu, nikayatazame matumbawe bila kukimbizwa na pumzi. Kuchomelea chuma hakukuniumiza kichwa. Kilichoninyima usingizi ni betri, kwa sababu humo ndani mimi nazo hewa yetu ni moja.

Basi nikamweleza muuzaji kwa simu, taratibu kabisa: nataka AGM, ile ambayo tindikali yake imefyonzwa na mkeka wa nyuzi za kioo, haimwagiki hata ikilala ubavu. Akajibu, "Zipo mzee wangu, orijino." Nikatuma hela. Mzigo ukaja na basi, kila betri ina stika kubwa ya AGM juu. Kuinamisha moja tu, nasikia maji yanacheza ndani. Nikabandua stika. Chini yake vizibo sita.

Vizibo sita! Betri ya maji, ile ile ya lori, imefunikwa kwa karatasi.

Anayeona nakuza mambo na asikie. Betri ya aina hii ikichajiwa kupita kiasi inatoa hidrojeni: ile ya volti 12, kila ampea moja ya ziada kwa saa moja ni karibu lita mbili na nusu. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche ya swichi inatosha kuilipua. Chombo chenye hewa ya mita moja ya ujazo kinafika hapo kwa lita 40 tu. AGM nayo ina valvu na inaweza kupumua ikichajiwa vibaya, ndiyo maana nachaji mlango ukiwa wazi na feni inazunguka, lakini katika chaji ya kawaida gesi yake nyingi inarudi kuwa maji humo humo. Na hapo sijataja maji ya bahari. Chumvi ikikutana na tindikali ya betri inapatikana klorini, gesi ya sumu, na humo ndani hakuna dirisha la kufungua. Nyambizi ya Argentina, San Juan, iliyopotea Novemba 2017 na watu 44, katika taarifa zake za mwisho ilieleza kwamba maji ya bahari yameingia kwenye sehemu ya betri na kuleta shoti.

Nikasafiri nazo kuzirudisha. Kijana akanionyesha bango ukutani: mali ikishauzwa hairejeshwi. Nikamwambia, mwanangu, uliniuzia jina ambalo si lake. Akauliza, "Kwani gari lako linapinduka?" Nilipomwambia ni za nyambizi akaita wenzake: "Njooni mumwone nahodha!" Wakacheka mbele ya wateja. Hakuna hata mmoja aliyeitazama ile stika mkononi mwangu.

Kisha akasema nichukue lithiamu, eti nyepesi. Wepesi wa nini? Chombo cha kuzama kinataka uzito chini ya tumbo. Kilo nitakazopunguza kwenye betri itabidi nizirudishe kwa vipande vya madini ya risasi. Nikamuuliza ni lithiamu ya fosfeti, ambayo ina utulivu zaidi ikipata joto, au ya nikeli na kobalti. Hajui. Seli zimefungwa nailoni, hazina maandishi, hazina saketi ya kuzilinda. Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na fedha zake zote, lilipata moto kwenye nyambizi ndogo ya makomando wake huko Pearl Harbor mwaka 2008, betri za lithiamu zikiwa kwenye chaji. Na huyu ananipa za nailoni.

Niwe mkweli: yupo kijana wa stoo aliyenifuata nje kwa aibu, akanielekeza duka jingine, na huko nimepata AGM halisi. Huyo Mungu ambariki. Kwa ajili yake nilipanga kuwapa nyota mbili, na kusema kwamba kwa sola ya nyumbani betri zao hazina neno.

Hapana. Nalifuta hilo. Nyumba ngapi zinaweka betri ya sola uvunguni mwa kitanda, na watoto wamelala juu yake, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, kwa kuwa stika imewaambia haitoi gesi? Mimi nilijua kuibandua. Sitoi hata nyota moja. Hela yangu bado wanayo, na mkienda dukani kwao bandueni stika hapo hapo kaunta kabla hamjalipa.